Nilihesabu Mpaka Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa. Nakujua, barua unaisoma umesimama, mwiko mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, na mboga inaungua. Hii isome umekaa. Natumaini u mzima, mgongo umepunguza kukusumbua, na binti zenu wawili wanakula, wanasoma na kugombana kama kawaida yao.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, ndevu nanyoa. Ukiniuliza moyo unasemaje nitakosa la kukujibu, maana huu ni mwezi wa tatu hausemi kitu. Asubuhi nachemsha chai, nakaa mbele yake mpaka inapoa, namwaga, nachemsha nyingine. Sina homa wala mafua. Ni kwamba mambo yananipitia bila kunigusa. Nakuambia mapema usije ukaona barua hii ni kavu ukadhani sijali.

Barua yako niliipata Jumanne kutoka kwa kondakta wa basi, imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta pembeni, nikajua imeandikwa jikoni. Umenilaumu kwamba umepiga simu mara kumi na moja sikupokea, na mara moja niliyopokea nikasema sawa, sawa, nikakata, wakati ulikuwa umeniuliza swali lisilojibiwa kwa sawa. Una haki ya kulaumu. Hilo nitakueleza, na ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya simu.

Lakini lililonikalisha kitako ni ulichoandika juu ya shemeji. Umesema ameacha kuzungumza. Anakula, anaoga, anakaa mlangoni na mkono wake uliofungwa ameuweka juu ya goti, na watoto wakimuuliza kitu anatikisa kichwa. Umesema mwanzoni aligombana na wewe kila ulipomwambia kwamba mdomo wake ndio uliomponza, na sasa hagombani tena. Na umeandika hivi, nanukuu maneno yako: "Jana kaniambia labda kweli alisema nje. Kaka, huyu mtu hajui tena alichosema." Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote.

Mimi ndiye niliyempa jina la Redio, unakumbuka. Siku ya kwanza ulipomleta nyumbani alizungumza tangu mlangoni mpaka baba akaenda zake kulala, akamwacha anamalizia na kiti. Nilikuambia huyo si mchumba, hiyo ni redio, tafuta mahali pa kuizimia. Ukanuna wiki nzima. Karakana ya samani ilipofungwa akakosa kazi, ni mimi niliyemwombea nafasi kwetu, na kwa miaka sita tumefanya kazi bega kwa bega. Kwa hiyo ninapoandika haya naandika kuhusu mtu ambaye wewe ulimleta nyumbani na mimi nikampeleka kazini.

Kazi yetu unaijua kwa mbali, ngoja nikusogeze. Ofisi hupima masikio ya watu, wafanyakazi viwandani na watoto mashuleni. Badala ya wao kuja kwetu, tunawafuata na tela. Zamani lilikuwa tela la watu wa matembezi, wale wanaosafiri na kitanda chao nyuma ya gari, na mpaka leo lina jiko dogo, kabati na meza ya kukunja. Palipokuwa na kitanda wamejenga kibanda cha kupimia. Kuta zake ni sponji nene, ndani kuna kiti kimoja, vidude vya kuvaa masikioni, na kitufe. Mtu anakaa, anafungiwa mlango, na kila akisikia mlio anabonyeza. Nesi anakaa nje ya kibanda na mashine yake. Mimi naendesha, nalitunza tela na jenereta. Shemeji alikuwa akipanga foleni na kuwachekesha watoto wasiogope kufungiwa, na njiani alikuwa msaidizi wangu.

Wiki yake ya kwanza nilimfundisha kunyanyua tela, na ulicheka uliposikia somo lilichukua siku mbili. Nilikuambia kuinua gari ni jambo moja na kuinua nyumba ni jambo jingine. Kwanza unatafuta ardhi ngumu iliyolala sawa, hata kama ni kuliburuta tairi bovu hatua mia mbele, maana tairi si lako tena na ringi inanunulika. Tela halifunguliwi kwenye gari. Linabaki limeungwa, breki ya mkono imevutwa, na magurudumu ya upande wa pili unayatia kabari mbele na nyuma. Ile miguu minne ya pembeni unaipandisha. Hiyo imewekwa kulituliza tela watu wakiwa ndani, haikuwekwa kuliinua, na anayejaribu kuinua tela kwa mguu wa pembeni ataupinda na kujipinda mwenyewe. Nati unazilegeza kidogo gurudumu likiwa bado limekaa chini. Jeki inakaa juu ya ubao mpana, na kichwa chake kinashika fremu karibu na ekseli, si ekseli yenyewe. Likishainuka unasukuma gogo la mbao ngumu chini ya fremu, ili jeki ikikusaliti gogo libaki. Na ndani ya tela asibaki mtu, hata kama ni nesi anamalizia chai yake.

La mwisho halimo kwenye kitabu cha ofisi, nililianzisha mwenyewe. Kabla ya kushusha, gogo lazima litolewe, na mwenye kulitoa ni yule wa kwenye gurudumu, analala kifudifudi na kuingiza mkono chini ya fremu. Mwenye jeki hamuoni, kwa sababu gurudumu liko katikati yao. Kwa hiyo mwenye jeki anauliza: mikono? Mwenzake akijibu nje, jeki inashuka. Akijibu ndani, jeki haiguswi. Asipojibu kitu, jeki haiguswi vilevile, hata kukiwa na mvua, hata nesi akiwa analia kwamba tumechelewa. Shemeji alilipenda sana hilo. Alikuwa akiwafundisha watoto wa shule kama mchezo, mikono, nje, mikono, ndani, mpaka walimu wakakasirika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, yapata saa nne asubuhi. Tulikuwa tumetoka kiwanda cha saruji tunaelekea shule ya bweni. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka mahali pazuri, kama kuna mahali pazuri pa kupasukia tairi. Pembeni mwa barabara palikuwa pana, kokoto zimeshindiliwa, hakuna mteremko. Nesi alishuka, akachukua kile kibao chekundu cha pembetatu, akaenda kukisimamisha hatua themanini nyuma, akabaki hukohuko kuyapungia malori. Shemeji akatia kabari. Mimi nikapandisha miguu ya pembeni, nikalegeza nati, nikaweka ubao na jeki. Tukainua, tukasukuma gogo, tukatoa tairi bovu, tukavalisha jipya, nati tukazikaza kwa mkono kwa kuvuka, hii ya juu kisha ile ya chini, kama inavyotakiwa. Nikapampu mara mbili ili gogo lipate nafasi ya kutoka. Shemeji akalala chini.

Ninachokiandika sasa ndicho nilichokiandika ofisini siku ya pili yake, na ndicho ulichosomewa. Niliuliza mikono. Shemeji alijibu nje. Nikafungua jeki, tela likashuka, na vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vikabaki kati ya gogo na fremu.

Tulimkimbiza hospitali, na yaliyofuata uliyaona mwenyewe kando ya kitanda. Baraza la ofisi lilikaa wiki ya tatu, msimamizi wetu na wenzake wawili, kwenye chumba kile chenye feni isiyozunguka. Shemeji alieleza kwamba gogo lilikuwa limekwama kwenye kokoto, kwamba niliuliza mikono, na kwamba alijibu ndani, akarudia, akarudia tena. Nesi alisema alikuwa mbali na lori lilikuwa linapita, hakusikia neno la yeyote kati yetu. Kisha msimamizi akanigeukia mimi. Aliniuliza taratibu, ananitazama usoni, na neno lake kila moja nililiona.

"Fundi, alikujibu nini?"

"Alijibu nje," nikasema.

Hawakuuliza tena. Mimi nina miaka kumi na minane pale na jalada langu halina hata onyo moja. Yeye ni Redio. Mmoja wa wale wawili alitabasamu akasema mdomo wa mwenzetu huwa unatangulia, na wote wakaafikiana kwamba alijibu kwa mazoea kisha akarudisha mkono. Wakaandika kwamba alivunja utaratibu alioujua, wakamwondoa kazini, na hata ile nafasi ya kukaa mapokezi waliyokuwa wamemtajia wakaifuta. Mlangoni shemeji alisimama akinitazama. Mimi nilikuwa natafuta funguo mfukoni, na nilizitafuta muda mrefu, ingawa zilikuwa mkononi.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kumwaga chai.

Sasa nikueleze ya simu. Miaka miwili hii nilikuwa nikiwaambia watu kwamba shemeji ametulia. Garini alikuwa anazungumza kidogo, nami nikasema ndoa imemkomaza hatimaye. Wewe nilikuambia, nawe ukanishangaa, ukasema nyumbani hajatulia hata dakika moja, kwamba anazungumza mpaka akiwa anapiga mswaki. Nikadhani unamtania. Nesi huyu wa sasa alipokuja akiwa amevaa barakoa kwa sababu ya mafua, nilimwomba aivue tukiwa tunazungumza, nikamwambia namheshimu mtu nikimwona mdomo. Akacheka, akaivua. Simu nikawa naijibu sawa, sawa, kwa kuwa watu wengi wanaopiga simu wanataka kusikia sawa. Nilipoona sawa zangu zinaharibu mambo nikaacha kupokea kabisa.

Jumamosi, siku nne baada ya barua yako, nilimkuta nesi uani pa ofisi anasafisha tela. Nilimwambia nataka anipime. Hakuuliza kwa nini. Miaka kumi na minane nimekiosha kibanda kile, nimebadilisha sponji yake mara mbili, nimefunga balbu zake, na sikuwahi kukikalia kile kiti. Nikavaa vidude, nikashika kitufe, mlango ukafungwa. Mwanzoni nilisikia milio miwili mitatu mizito, nikabonyeza. Kisha hakuna kitu. Nikasubiri. Nikaona sponji ya upande wa kulia imeanza kubanduka, nikawaza gundi. Nikawaza labda mashine imemsumbua na kwamba nitatoka kuiangalia. Mlango ulipofunguka nilimwambia aanze basi, mimi niko tayari.

Akasogea mpaka nikauona mdomo wake vizuri. "Nimemaliza, Fundi. Nimekupima robo saa nzima."

Akanionyesha karatasi. Kuna mstari ambao kwa mtu anayesikia vizuri hubaki juu, umelala sawa, na wangu unashuka kushoto kwenda kulia kama ngazi iliyovunjika. Alinieleza kwamba mtu akiwa mbele yangu na ninamwona uso nitaambulia mengi, nusu kwa sikio na nusu kwa macho. Akigeuka, au akiwa nyuma ya kitu, hata akipiga kelele, kinachonifikia ni kidogo au hakuna. Akaniuliza kwenye kazi ya tela huwa nakaa wapi watu wakipimwa. Nikamwambia pembeni mwa jenereta, kwenye kivuli chake. Akauliza kwa miaka mingapi. Kisha akauliza nimejua tangu lini, nami nikamwambia tangu mwaka juzi. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa hivyo na kinywa changu.

Wewe ni wa pili, na wewe nakuambia zaidi ya nilivyomwambia yeye.

Mwaka juzi, mahali fulani penye upepo, niliuliza mikono na sikusikia jibu. Nikauliza tena, sikusikia. Shemeji akainuka kutoka nyuma ya gurudumu, akasema nimekujibu mara tatu, shemeji, una nini leo? Akacheka. Nikacheka na mimi, nikasema upepo. Safari iliyofuata hapakuwa na upepo na ikawa vilevile. Niliona aibu, mdogo wangu. Fundi wa tela la kupimia masikio, halafu hasikii, hebu fikiria jinsi watu wangenitania mpaka ningeacha kwenda kantini. Na niliogopa, kwa sababu dereva asiyesikia hapewi gari, na bila gari mimi sijui mimi ni nani. Kwa hiyo nikatafuta dawa. Nilijua shemeji hachelewi kujibu, mdomo wake hauna breki. Nikawa nauliza mikono, kisha nahesabu moyoni moja, mbili, tatu, na kwenye tatu nafungua jeki. Kwa miaka miwili nilimshushia tela kwa kuhesabu. Kila tulipobadilisha tairi alikuwa anajibu na mimi nilikuwa nahesabu, na kila mara ilitokea kwamba mkono wake uko nje.

Jumatano ile niliuliza, nikahesabu, nikafungua. Sikusikia nje. Sikusikia ndani. Sikusikia kitu chochote, wala lori. Nilichojua ni kwamba viatu vyake vilianza kuchimba kokoto. Nilivitazama viatu hivyo nikajiuliza anafanya nini, na muda huo wote tela lilikuwa juu ya mkono wake. Nilipoelewa ndipo nilipopampu.

Kwa hiyo shemeji alisema ndani. Sikumsikia, lakini najua, kama yeye alivyojua kabla hatujamfanya asijue. Gogo lilikuwa limekwama, nililitoa mwenyewe baadaye kwa nyundo. Mtu ambaye mkono wake umekwamia chini ya tela na anaulizwa mikono hawezi kukaa kimya, na Redio kuliko watu wote hawezi kukaa kimya. Mimi nilipoulizwa barazani nilisema alijibu nje kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake siku zote, na lilitoka kirahisi kuliko salamu. Nilijua ni uongo. Nilijua wakati nausema, nilijua wakati wanauandika, na nilijua ulipokuwa unamfokea mumeo kwa ajili yake.

Jumatatu niliyaandika haya yote kwa msimamizi, nikaambatanisha karatasi ya nesi. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama naelewa barua ile itanifanya nini mimi, nikamjibu naelewa. Akanyoosha mkono nikampa funguo. Hakuwa na hasira, na mimi sikuwa na kitu. Nilitembea mpaka nyumbani, na katikati ya njia pikipiki ilinikosa kwa shibiri moja. Dereva wake aligeuka akasema maneno marefu ambayo sikuyasikia hata moja.

Jalada la shemeji limefunguliwa upya. Anaitwa Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi, na barua rasmi itakufikia, lakini nilitaka hii itangulie. Hawajaahidi kitu, nami sikuahidi. Nenda naye. Mimi nitakuwepo kwa sababu nimeitwa, na mkitaka kukaa mbali nami nitaelewa. Vidole havirudi, hilo najua. Ninachotaka kirudi ni kile ambacho nilikichukua mimi, yaani ajue kwamba kinywa chake kilisema alichofikiri kilisema.

Limebaki moja, na hili hata mimi nililijua juzi tu. Siku ile ya kwenda hospitali, mimi nikiendesha na nesi nyuma akimshika mkono, nilikuwa namwona shemeji kwenye kioo. Alikuwa anasema nami. Mdomo wake ulikuwa unacheza njia nzima, lakini uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu na sikuweza kusoma neno. Nikafanya kama ninavyofanya kwenye simu. Kila alipofumba mdomo nilijibu, tutafika sasa hivi, shemeji, tutafika sasa hivi.

Jumamosi nilimuuliza nesi shemeji alikuwa anasema nini. Kwanza alisema barazani hakuna aliyemuuliza ya njiani. Kisha akaniambia. Ni swali moja tu, kuanzia pale barabarani mpaka lango la hospitali. Alikuwa ananiuliza, shemeji, hukunisikia?

Nisalimie watoto, uwaambie mjomba yupo. Jirani yako mshonaji msalimie pia, na mgongo wako usiuinamishe kwenye beseni, tumia kiti. Ukifika hapa kusoma, mpe mumeo asome mwenyewe mistari ya chini, nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua miwani yake haipo.

Ni mimi kaka yako,
Fundi

SHEMEJI, HAPANA. SIKUKUSIKIA.
ULISEMA NDANI. NI MIMI SIKUSIKIA.